Barua ya wazi kwa afisa anayetoa vibali vya machimbo ya changarawe

Mheshimiwa, salaam.

Nakuandikia kabla hujatia sahihi kibali kingine cha kuchimba changarawe kwenye kiwanja kidogo. Ombi langu ni moja: kabla ya kumuuliza mwombaji atachimba kiasi gani, mtake akuonyeshe ardhi itabaki na sura gani lori la mwisho likishaondoka.

Ninaishi jirani na shimo lililochimbwa bila swali hilo kuulizwa. Kingo zake zimesimama wima, kila msimu wa mvua zinamega shamba, na chini yametuama maji ambayo watoto wanayaona bwawa la kuogelea. Mchimbaji hakuwa na nia mbaya. Alichimba hadi kwenye mpaka wa kiwanja chake, na alipomaliza hakubakiwa na nafasi ya kulaza kingo.

Tupige hesabu. Chukua hekta moja, mita 100 kwa 100, ichimbwe kina cha mita 4. Ukingo tulivu, wenye kushika nyasi, unataka mlalo wa mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, yaani mita 12 kila upande. Sakafu ya shimo inabaki mita 76 kwa 76, na badala ya mita za ujazo 40,000 zitatoka kama 31,000. Hizo 9,000 zinazobaki ndizo ukingo wenyewe. Asiyezitoa katika hesabu zake mapema atazichimba, kisha ataomba radhi.

Kingine ni udongo wa juu, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Sentimita 20 tu juu ya hekta hiyo ni mita za ujazo 2,000 za udongo uliojengwa na mizizi na wadudu kwa vizazi. Ukichanganywa na kifusi umepotea. Ukirundikwa mlima mrefu kwa miaka, uhai wake hufifia. Na kwa kuwa una wanunuzi, kishawishi cha kuuuza ni kikubwa. Kibali kiseme wazi: utolewe kwanza, uwekwe peke yake katika matuta mafupi yaliyopandwa nyasi, na usitoke kiwanjani.

Bora zaidi, kiwanja kigawanywe vipande vitatu. Kipande cha kwanza kikiisha, kingo zilazwe, sakafu iliyoshindiliwa na malori ichimbuliwe kwa meno ya tingatinga, kifusi kirudi, kisha udongo wa juu wa kipande cha pili umwagwe hapo moja kwa moja. Hivyo shimo halibaki wazi lote kwa wakati mmoja, na udongo haulali muda mrefu.

Maji ya chini ya ardhi nayo yapimwe mvua zikiwa zimekolea, si wakati wa kiangazi, ili sakafu ya shimo ibaki juu ya usawa wa juu kabisa wa maji hayo.

Dhamana ya fedha ilingane na gharama ya kumlipa mtu mwingine aifanye kazi hii yote iwapo mchimbaji atatoweka. Irudishwe kipande kwa kipande, nyasi zikishashika.

Na kabla ya sahihi yako, Mheshimiwa, fika kiwanjani. Mwombaji awe ameshapigilia vigingi vyake mita 12 ndani ya mpaka wa shimo, pale mteremko utakapoishia. Sisi majirani tutakuja kuvihesabu pamoja nawe.

Wasalaam,
Jirani wa shimo