Mzio wa maziwa na laktosi visichanganywe

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya watoto wanaodhuriwa na maziwa. Mwandishi aliutia mzio wa maziwa na tumbo kushindwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, katika kapu moja, ilhali ni maradhi mbalimbali. Katika mzio, kinga ya mwili hushambulia protini za maziwa, na hata kiasi kidogo chaweza kumletea mtoto vipele, uvimbe wa midomo, au kumbana pumzi hadi afe. Asiyemudu laktosi amepungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Huyo hujaa gesi na kuharisha, lakini wengi wa aina yake hunywa maziwa lala bila taabu.

Kipimo cha damu cha mzio hutafuta kingamwili za IgE dhidi ya protini hizo. Laktosi hakiigusi, hiyo kwa kawaida hupimwa kwa kuangalia haidrojeni katika pumzi. Na hata damu ikionyesha IgE, daktari sharti alinganishe na yaliyompata mtoto alipokunywa. Vile vipimo vya IgG, kingamwili za aina nyingine, (wala si vya bei rahisi) havithibitishi lolote kati ya haya mawili. Hapa Mombasa wazazi wengine hukimbilia maziwa ya mbuzi, ambayo protini zake zakaribiana mno na za ng'ombe, hivyo mwenye mzio aweza kudhurika vilevile.

Idara ya Afya ya Kaunti iwaelekeze wahudumu wa zahanati waulize kwanza dalili na zilianza muda gani baada ya kunywa, kabla ya mzazi kutumwa maabara. Nalo gazeti lichapishe ufafanuzi.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa