Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Anime, Mombasa, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na salamu kwa nyote mliofika leo. Msiofika pia nawasalimu, maana taarifa hii itawafikia tu.

Katibu ameniomba niwe mfupi. Mwaka jana, anasema, taarifa ilikwenda saa nzima, chai ikapoa na viazi karai vikawa mpira. Nitajitahidi.

Tulikutana mara 22, Jumamosi mbili kila mwezi kuanzia Januari hadi Novemba, katika chumba chetu cha kukodi Mji wa Kale. Desemba tulipumzika. Januari mpaka Mei tuliendelea na baraza huria kama mlivyozoea: kila mtu anakuja na anime (katuni ya Kijapani) aliyoitazama, anatoa maoni yake, anapingwa, ananuna, anakunywa kahawa, yanaisha. Solo Leveling msimu wa pili ndiyo iliyotawala, na nusu ya ukumbi waliipenda kupita kiasi. Nusu nyingine walisema tangu shujaa wake Sung Jinwoo aache kuwa mwindaji dhaifu kuliko wote hakuna tena la kutisha, kwa sababu unajua atashinda hata kabla adui hajafungua mdomo. The Apothecary Diaries ilichukua Jumamosi tatu, na akina dada ndio walioongoza mazungumzo. Frieren tuliirudia kwa ajili ya wanachama wapya. Sina la kuongeza ila kwamba mwanachama wetu mmoja mtu mzima, fundi wa majokofu, alilia palipozikwa Himmel, rafiki wa Frieren, na waliomcheka wameshamwomba radhi. Siku ya Dandadan mnaijua. Mada ilikuwa nzuri sana, mambo ya mizimu na bibi mwenye mbio, na sisi tuliolelewa kwa hadithi za jini mwenye kwato za punda tulijiona tuko nyumbani. Lakini sehemu ya kwanza ina picha ambazo si za kutazamwa mbele ya mzazi, na mzazi mmoja aliingia papo hapo kumletea mwanawe ufunguo. Mimi ndiye niliyetoka kwenda kumwomba msamaha mama yule. Hilo halijaandikwa popote, naliandika hapa. Mjadala wa maandishi ya chini dhidi ya sauti za Kiingereza ulifanyika tena. Wasemaji walikuwa wale wale na maneno yao yale yale.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nipigiwe simu usiku.

Mwezi wa Mei kamati iliamua kwamba kuanzia Juni tusimamishe baraza huria kwa miezi sita, tutazame pamoja anime moja tu, sehemu mbili kila Jumamosi, kisha tuizungumze. Anime iliyochaguliwa ilikuwa Vinland Saga, msimu wa pili. Yamesemwa mengi, na nataka niyajibu moja moja, kwa utulivu.

Inasemwa uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Si kweli. Kamati ina watu 5, siku hiyo walifika 3, wawili tuliunga mkono na mmoja alikataa. Katiba inasema uamuzi ni wa wengi waliohudhuria. Ni kweli ibara hiyo niliiandika mimi, lakini mliipitisha nyinyi, tena kwa makofi. Wajumbe wawili ambao hawakufika wana haki ya kulalamika, ila wangelalamika vizuri zaidi kama wangefika.

Inasemwa baraza huria ndiyo roho ya chama, na kwamba nimeiua. Ndugu zangu, tukumbuke hali ilivyokuwa. Watu 35 mpaka 40, kila mmoja na anime yake, na kila mmoja amefika sehemu yake. Aliyemaliza sehemu 28 za Frieren anamweleza aliye sehemu ya tatu, na aliye sehemu ya tatu ameziba masikio kwa vidole. Huku One Piece, yenye sehemu zaidi ya 1,100, kijana mmoja amefika Alabasta na mwingine anamhadithia ya Wano, mbali kule mbele. Tulikuwa hatuzungumzi, tulikuwa tunamwagiana mtama. Mwezi wa Aprili wanachama wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya mtama huo, na hawa ni majirani. Nani aliyewapatanisha? Sitajitaja.

Linalosemwa zaidi ni kwamba mwezi ule ule wa Mei Solo Leveling ilipewa tuzo ya anime bora ya mwaka kule Tokyo, dunia nzima inaishangilia, na mwenyekiti wenu akawaletea watu wanaolima. "Tulitaka ngumi, tukapewa jembe." Maneno haya yalianza kama mzaha na sasa yanasemwa mpaka na watu ambao hawajalipa ada tangu Februari. Kuhusu tuzo nitasema tu kwamba ilipatikana kwa kura za wengi, na sisi watu wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa mambo ya kura.

Lakini kuhusu jembe niacheni niseme.

Msimu wa kwanza wa Vinland Saga, wa 2019, ngumi zimo, visu vimo, meli zinapandishwa mlimani. Thorfinn ni mtoto aliyeuliwa baba, anamfuata muuaji wake Askeladd miaka mingi ili amlipize kisasi, na mwisho Askeladd anauawa na mtu mwingine. Basi. Kijana anabaki hana baba, hana adui, hana kazi. Msimu wa pili, wa 2023, unaanza hapo: Thorfinn ni mtumwa katika shamba la Ketil huko Denmaki, hasemi, hataki hata kuishi. Analetwa mtumwa mwingine, Einar, aliyenunuliwa karibuni, na wawili hawa wanaambiwa wakate msitu, wang'oe visiki, walime ngano, na mavuno yao yatawanunulia uhuru wao. Ndiyo, ni sehemu nyingi za visiki. Nakiri. Aliyekuja bila kutazama msimu wa kwanza, ingawa nilimwomba kwa maandishi autazame, alikaa kama aliyeingia harusi isiyo yake, na si kosa la kamati.

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni hiki. Sisi ni watu wa Mombasa. Kila siku makondakta wanapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na tunashuka, tunanunua mabuyu, tunapanda nyingine. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tulikuwa watu 7, na humo nahesabu mimi na mtoto wa mlinzi aliyekuja kufunga madirisha. Tulitazama mambo ya Arnheid, mjakazi wa Ketil, ambaye mumewe anakuja kumtafuta akiwa naye amefanywa mtumwa. Taa zilipowashwa hakuna aliyesema kitu. Kisha dada mmoja wa Kisauni akauliza, kengele ya Kengeleni ni ya nini hasa? Amepita hapo tangu chekechea, alidhani ni ya shule. Tukamweleza, au tuseme mzee wa majokofu ndiye aliyetueleza sote: kwamba Frere Town ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa walioachiwa huru, na kengele ile ni ya kwao. Na kwamba utumwa wenyewe katika pwani yetu haukuondolewa kisheria mpaka 1907. Tukahesabu kwa vidole. Mtu aliyekuwa mtumwa wakati huo, mjukuu wake anaweza kuwa yuko hai, anasubiri matatu pale pale.

Tulikaa mpaka saa tatu usiku. Watu saba. Tukamzungumza Ketil, ambaye si katili wa sinema, ni bwana mpole, anawaahidi watumwa wake uhuru na anatimiza ahadi, anaogopa hata kumchapa mtoto aliyeiba. Na upole wake ule ule ndio uliomfanya Arnheid amwamini mpaka siku bwana huyo alipoumizwa roho akachukua gongo akampiga. Yule dada akasema, bwana mwema bado ni bwana. Niliandika maneno hayo kwenye daftari la kumbukumbu, ukurasa wa 61, mwenye kutaka aje ayaone. Sasa niambieni ni baraza huria ipi, katika hizo kumi, iliyotupa usiku kama huo. Nasubiri.

(Nimeeleza mambo ya ndani ya hadithi hapa bila kuficha. Aliyepewa miezi sita kutazama na hakutazama, mtama huo ni wake.)

Na kwa wale wa ngumi: Novemba, karibu na mwisho, Thorfinn anataka kuonana na mfalme Canute ili kuzuia vita, na askari mmoja jitu anamwambia apigwe ngumi mia moja kwanza, akisimama mpaka ya mwisho atapelekwa. Anasimama. Harudishi hata moja. Anaulizwa kwa nini, anasema hana adui. Ngumi mia moja, ndugu wanachama, kwa hesabu. Mlizililia tangu Juni, na zilipokuja tulikuwa watu 9.

Nitakubali kosa moja. Sehemu mbili kwa Jumamosi zilikuwa chache, tungetazama tatu, tungemaliza Septemba. Hilo alilisema mweka hazina mapema na sikumsikiliza. Bahati nyingine ilikuwa upande wetu: Julai, tukiwa katikati ya visiki, mtunzi wake Makoto Yukimura alikamilisha manga yenyewe (kitabu cha katuni) aliyoianza mwaka 2005, kwa hiyo tuliokuwepo tulikuwa tukitazama kazi ya miaka 20 ikifika mwisho wake. Nililitangaza jambo hili ukumbini. Walipiga makofi watu wanne.

Mahudhurio basi mmeshayaona. Mpaka Mei hatukuwahi kushuka chini ya 35. Juni 41, Agosti 19, Oktoba 7, Jumamosi ya mwisho 14. Wapinzani wangu wanazisoma namba hizi kama hukumu juu ya Vinland Saga. Mimi nazisoma tofauti. Watu wa Likoni wanasema ni kivuko. Kivuko hicho hicho kinawavusha kuja kutazama mpira, tena mapema. Watu wa Changamwe wanasema ni foleni ya malori, na foleni haikuanza Juni. Kuna mwanachama wa hapa hapa Mji wa Kale, nyumba yake inaonekana kutoka dirisha letu, ambaye nilimwona siku mbili amekaa barazani kwake anatafuna kashata saa ile ile ya mkutano. Nilimpungia mkono. Naye akanipungia.

Ada. Tuko 64 kwenye daftari. Kwa Sh200 kwa mwezi tulipaswa kukusanya Sh153,600. Tumekusanya Sh58,400. Waliolipa miezi yote 12 ni 11, waliolipa vipande vipande 27, na ambao hawajatoa hata shilingi ni 26. Katika hao 26 wamo watano wanaosema waziwazi kwamba wamegoma kwa sababu ya jembe. Naomba waelewe kwamba walianza kugoma Januari, na jembe lilikuja Juni. Matumizi: kodi ya chumba Sh33,000, projekta ya mtumba Sh18,500, kahawa, chai na vitafunio Sh6,200, jumla Sh57,700. Ukijumlisha salio la mwaka jana la Sh3,150, tumebaki na Sh3,850. Mimi binafsi nakidai chama Sh4,300 za bando na za tuktuk ya kubebea projekta, ambazo sizidai. Nazitaja tu ili zijulikane. Kompyuta tuliyotumia mwaka mzima ni yangu pia, na ile Jumamosi stima ilipopotea Julai tuliendelea kwa betri yake mpaka ikazima, watu 20 tumebanana mbele ya kioo cha inchi 14, na hakuna aliyeondoka. Ningependa siku hiyo nayo ikumbukwe.

Mwaka ujao, Inshallah, tunatarajia kupata ukumbi mkubwa zaidi, penye feni. Lipo wazo la siku ya mavazi pale Mama Ngina, tutaona hali ya hewa na ya mfuko. Rafu ya manga za kuazimana tuliyoizungumza mwaka juzi bado tunaizungumza. Kijana mmoja amependekeza tutafsiri anime kwa Kiswahili papo hapo, kama wanavyofanya ma-DJ katika vibanda vya video, na amejitolea sauti yake. Tumemsikia. Kamati italifikiria.

Kuhusu baraza huria, itarudi Januari, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Jumamosi ya tatu itabaki ya kutazama pamoja, na safari hii anime itachaguliwa kwa kura ya wanachama wote waliolipa ada. Narudia: waliolipa ada. Kwa hesabu ya leo hao ni 11, na katika hao, tisa waliziona zile ngumi mia moja.

La mwisho, waya mrefu wa umeme, mweupe, mita kumi, ulikuwepo Jumamosi ya mwisho ya Novemba na Desemba haukuonekana. Aliyeuchukua aurudishe kwa mlinzi, hataulizwa kitu.

Wenu katika kutazama,
Mwenyekiti