Bima ya maisha isidai matokeo ya vipimo vya jeni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niisihi Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) hapa Kenya, pamoja na wabunge wetu, waweke kanuni ya wazi inayozizuia kampuni za bima ya maisha kudai au kutumia matokeo ya vipimo vya jeni vya mtu anayetaka kukata bima, na waiweke mapema, kabla vipimo hivyo havijawa vya kawaida katika hospitali zetu.

Wengi hudhani kwamba maadamu fomu ya bima haina swali kuhusu jeni, hakuna la kuhofia. Bima ya maisha haiendeshwi hivyo. Mkataba wake umejengwa juu ya kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, ambayo kwa kawaida humtaka mwombaji aeleze kila analolijua linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, hata kama hakuulizwa. Mwanamke aliyepimwa akaambiwa ana kasoro katika jeni ya BRCA1, ambayo huongeza sana uwezekano wa kupata saratani ya matiti na ya ovari, tayari anajua jambo la namna hiyo. Akilitaja, huenda akatozwa ada asiyoimudu au akakataliwa kabisa. Akilinyamazia, akalipa ada miaka nenda miaka rudi kisha akafariki, kampuni inaweza kudai kwamba ilifichwa ukweli, na watakaonyimwa fidia ni watoto aliowakatia bima hiyo. Mwenzake mwenye kasoro ileile, ila hakwenda kupimwa, hana cha kutaja wala cha kuficha. Yaani anayeumia ni yule aliyejali afya yake, ilhali ni kwa kupimwa ndipo angeweza kufuatiliwa na madaktari na saratani ikagunduliwa mapema.

Isitoshe, habari za jeni hazimhusu mtu mmoja. Tuchukue selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi tunaoufahamu vyema huku Pwani, Nyanza na Magharibi. Mtoto anapogunduliwa amerithi jeni mbili za ugonjwa huo, moja kutoka kwa kila mzazi, kadi yake ya kliniki imekwisha kusema kwamba baba na mama wanazo, ingawa wao wenyewe hawajawahi kutoa tone la damu. Kila ndugu yake wa baba na mama asiye mgonjwa ana uwezekano wa theluthi mbili wa kubeba jeni moja. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu ili habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo ulazima, na sioni habari inayostahili ulinzi huo kuliko hii.

Kubeba jeni moja ya selimundu si kuugua. Watu hao kwa kawaida huishi bila matatizo, na utafiti uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba jeni hiyo moja huwakinga watoto kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Hata hivyo, nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani Weusi waliopatikana na jeni moja tu walinyimwa kazi au walibaguliwa katika bima, hadi majimbo kama North Carolina, mwaka 1975, yakazipiga marufuku kampuni za bima ya maisha kuwakataa kwa sababu hiyo. Sheria ya kitaifa ya Marekani ya 2008 ililinda bima ya afya na ajira, ikaiacha nje bima ya maisha. Canada ilikwenda mbali zaidi: tangu 2017, kumlazimisha mtu apimwe jeni au afichue matokeo yake ili apewe mkataba ni kosa la jinai, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliidumisha sheria hiyo mwaka 2020, kwa kura tano dhidi ya nne.

Nitajibiwa kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayozitaja data za jeni miongoni mwa data nyeti. Ni kweli, na ni hatua ya kupongezwa, lakini sheria hiyo inaruhusu data kutumiwa mwenyewe akitoa ridhaa. Mtu anayeomba mkopo wa nyumba, ambaye benki imemtaka kwanza awe na bima ya maisha, atatia sahihi popote atakapoonyeshwa. Siwezi kuiita hiyo ridhaa.

Hoja ya kampuni ninaielewa. Anayejua kwamba ana jeni hatari anaweza kukata bima ya mamilioni mengi, na mzigo ukawaangukia wateja wengine. Uingereza imelijibu hilo kwa kuweka kiwango: kampuni zinaweza kuuliza matokeo ya kipimo cha ubashiri, yaani kinachofanywa kabla ya dalili, cha ugonjwa wa Huntington pekee, ambao ni ugonjwa wa kurithi wa ubongo, tena kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000. Nasi tuna mfano wetu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006, katika kifungu cha 35, inazitaka kampuni za bima ziweke kiwango ambacho chini yake mwombaji halazimiki kutaja hali yake ya HIV. Udhaifu wa kifungu hicho, kwa maoni yangu, ni kwamba kiwango chenyewe huwekwa na kampuni.

Kwa jeni, basi, kiwango kiwekwe na IRA baada ya kusikiliza maoni ya umma, na kiwe cha juu kiasi cha kutosha bima ya mwalimu, mvuvi au mwenye duka anayejenga nyumba. Kanuni iyahusu pia matokeo ya jamaa wa mwombaji na ya vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya utafiti, na ikataze kampuni inayouza bima ya afya na ya maisha kwa pamoja kuhamisha matokeo hayo kutoka faili moja hadi nyingine. Tena itamke kwamba fidia ya marehemu aliyekuwa na bima ya chini ya kiwango hicho haitakataliwa kwa sababu hakutaja kipimo cha jeni.

Msomaji wako,
Kilifi