Shukrani kwa Fundi Aliyemtengenezea Baba Jeneza

Familia yetu ya Marangu inakushukuru wewe fundi ambaye hatukupata kulijua jina lako, uliyefika usiku wa pili wa msiba wa baba yetu mpendwa, ukaketi kidogo na wazee, kisha ukaomba kuonyeshwa mbao.

Baba alizaliwa mwaka 1933, na kwa zaidi ya miaka 60 alikitunza kihamba chake cha migomba na kahawa huku akiwatengenezea majirani milango, vitanda na mizinga ya nyuki, mara nyingi kwa malipo ya mkungu wa ndizi. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, hakukosekana mferejini. Hata miguu ilipomlemea, alikaa kingoni akiwaelekeza vijana mahali pa kuziba, kwa maana maji yakipotea juu, wa chini hawapati kitu.

Mbao za mringaringa alizojiwekea darini zilikuwa tayari, lakini fundi tuliyepatana naye hakutokea. Wewe ulizipiga randa hadi alfajiri, kwa randa ya baba mwenyewe, ile ambayo mpini wake umelika pale alipokuwa akiweka kidole gumba, na ulipomaliza uliifuta, ukaipaka mafuta na kuirudisha mahali pake. Mama alipoliona hilo, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Ulikataa malipo, ukasema tu kwamba meza uliyosomea utotoni aliitengeneza baba, ukaondoka kabla ya mazishi.

Ahsante sana, ndugu yetu. Randa ile tumekuwekea; tafadhali njoo uichukue.