Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kanada: pimeni Mto Mackenzie hata majira ya baridi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka mji wa Hay River, katika eneo la Northwest Territories, kando ya Ziwa Great Slave ambako Mto Mackenzie huanzia.

Mei 2022 barafu iliziba Mto Hay, maji yakafurika, mji mzima ukaamriwa kuhama. Mwaka 2024 ziwa hilohilo lilikuwa limeshuka mno, na Mto Mackenzie nao, hata matishari ya kwenda Norman Wells na Tulita, vijiji vya kando ya mto huo, yakafutiwa safari. Mizigo ikapanda ndege, bei nazo zikapanda. Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia kwenye maji ya kupwa na kujaa. Huko angalau baharia anajua saa ya kutoka.

Tunaambiwa kaskazini maji yanaongezeka. Ni kweli kwa sehemu. Mito sita mikubwa ya Urusi inayoingia Bahari ya Aktiki, ikiwemo Ob, Yenisei na Lena, iliongeza maji yake kwa takriban asilimia 7 kati ya 1936 na 1999. Hapa kwetu pia mito mingi hupitisha maji mengi zaidi wakati wa baridi, kwa kuwa ardhi iliyoganda inayeyuka na maji ya chini yanapata njia. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa letu hutoka majimbo ya kusini, British Columbia na Alberta. Kukiwa na ukame huko, kama mwaka 2023, sisi ndio tunaokwama.

Tena kuna bwawa la umeme la W.A.C. Bennett huko British Columbia, kwenye Mto Peace, ambao maji yake huishia katika ziwa letu. Tangu 1968 linazuia maji ya kiangazi na kuyaachia wakati wa baridi, umeme unapohitajika. Basi maji ya Januari yakizidi, ni bwawa au ni joto? Bila vipimo vya miaka mingi, mfululizo, kila mtu atajibu anavyopenda, hasa wenye bwawa.

Vituo vya kupimia mito viko chini ya wizara yako. Kutoboa barafu mwezi Februari ili kupima mkondo ni kazi ghali, najua, na bajeti ikibana cha ghali ndicho hukatwa kwanza. Nakuomba usikikate. Ongeza vituo, na kila mwaka, kabla matishari hayajapakiwa, vijiji vya chini ya mto viambiwe mto utabeba au hautabeba. Mikataba ya maji ya mwaka 2015 kati ya eneo letu na majirani wa kusini ipo. Itumieni kupata ratiba ya bwawa, muitangaze hadharani.

Wako,
Mkazi wa Hay River