Barua kwa Rashidi: boriti iliyokimbia

Likoni, Mombasa

Ndugu yangu Rashidi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mama anakusalimu, na Mzee Kombo bado anauliza kila Ijumaa iwapo "yule mhandisi wa Nairobi" amekwisha kuoa. Najua nimenyamaza tangu Idi, nawe una haki ya kununa. Lakini jambo lililonizuia kuandika ndilo hilohilo linaloniandikisha leo. Nimeanguka mtihani wa kwanza wa statiki, lile somo la kani katika vitu vilivyotulia. Nimepata 11 kwa 40.

Alama zenyewe nimekwisha kuzimeza. Kinachonikereketa ni swali lililonimaliza, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Tulipewa boriti ya mita 6, upande wa kushoto imefungwa kwa bawaba, upande wa kulia imelazwa juu ya gurudumu, na mita 2 kutoka kwenye bawaba inakandamizwa na kani ya kilonyutoni 10 iliyoinama nyuzi 30 kutoka mstari wa mlalo. Nikaichora boriti peke yake kama tulivyofundishwa, nikaweka mshale mmoja wa kani ya kwenda juu penye bawaba na mwingine penye gurudumu, kisha nikakokotoa momenti, yaani kani mara umbali wake kutoka penye bawaba, kwa mwandiko ambao hata mwalimu wetu wa kidato cha tatu angeusifu: sehemu ya wima ya kani ile ni kilonyutoni 5, kwa hiyo gurudumu linabeba 1.67 na bawaba inabeba 3.33. Mhadhiri hakuzigusa hesabu hizo. Aliandika pembeni tu, kwa wino mwekundu: "Na 8.66 za mlalo amezishika nani?" Hapana aliyezishika, Rashidi. Boriti yangu ilikuwa inakimbia zake kuelekea Changamwe, nami nimekaa naikokotolea momenti.

Nilikuwa nikidhani egemeo ni kitu cha kubeba tu. Kumbe kila egemeo hujibu kwa kadiri ya mwendo linaouzuia: bawaba huizuia boriti isipande wala kushuka, na pia isiende mbele wala nyuma, kwa hiyo inastahili mishale miwili, gurudumu huizuia isishuke, basi, nalo linapewa mmoja. Visivyojulikana vinakuwa vitatu, na milinganyo ya msawazo katika bapa nayo ni mitatu: jumla ya kani za mlalo, ya kani za wima, na ya momenti, kila moja iwe sifuri. Nilipouliza kwa nini tusifunge bawaba pande zote mbili tukapumzika, mhadhiri alicheka, akaniambia kwanza nitahesabu visivyojulikana vinne kwa milinganyo mitatu, kisha nilifikirie Daraja la Nyali adhuhuri ya mwezi wa Februari: zege ya mita 100 ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 hurefuka kiasi cha sentimita 1, na ukiibana huku na huku itaanza kusukumana na nguzo zake. Tangu siku hiyo, kila matatu inapogonga yale maungio ya daraja, mimi hulikumbuka gurudumu la mtihani.

Aliyenielewesha hasa ni Mzee Kombo, na usicheke. Maji yalikatika mtaani kwa wiki mbili, akawa anatuletea mitungi 20 kwa mkokoteni wake. Siku moja nilimsaidia kupakia, nikairundika mitungi nyuma ya ekseli ili mikono ya mkokoteni isimlemee mzee wa watu; alipoishika tu, mikono ikapaa, visigino vyake vikaondoka ardhini, na mtungi mmoja ukaanguka ukapasuka mbele ya duka la Mama Zuhura. Alinitazama kwa muda mrefu. "Mikono ikiwa mizito utachoka kabla hujafika," akaniambia, "ikiwa myepesi gari litakuinua kama bendera." Usiku nikaketi nikapiga hesabu: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, yaani takriban nyutoni 3,924, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 10 mbele ya ekseli, na mikono ikishikwa mita 1.5 kutoka kwenye ekseli, mzee anahimili nyutoni 262 hivi, ambazo ni kilo 27. Kikiwa sentimita 10 nyuma ya ekseli, kani ni ileile, ila sasa inamrusha juu. Ile fidia ya mtungi nimeilipa mimi.

Sasa, shida iliyobaki ni dinamiki, somo la vitu vinavyokwenda, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Unajua Mzee Kombo anavyoshuka mteremko wa feri: anainua mikono, mkia wa mkokoteni unashuka mpaka kile kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma kinakwaruza saruji, na msuguano unamshikia mzigo. Mkokoteni ukiwa umesimama naweza kuuchora, mishale yote ikiwa mahali pake. Ukianza kwenda, mkono wangu unakuwa na wazimu wake. Jumla ya kani inalingana na tungamo mara mchapuko, yaani kadiri mwendo unavyobadilika, hilo nalijua. Lakini kila ninapochora, nauongeza ule "tungamo mara mchapuko" juu ya mkokoteni kama mshale mwingine, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anayeusukuma. Kwenye boriti nilisahau kani iliyopo. Kwenye mkokoteni nazua kani isiyokuwepo. Sijui lipi ni baya zaidi. Na bado hatujafika kwenye nishati, ambako nasikia tutathibitisha kuwa mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama huwa mara nne, jambo ambalo mzee analijua bila kalamu, ndiyo maana huanza kukwaruza tairi juu kabisa ya mteremko.

Mtihani wa marudio ni baada ya wiki tatu. Nakuomba daftari lako la dinamiki, lile la jalada la kijani lenye madoa ya chai. Je, bado unalo, au ulimwazima Athmani? Ikiwa liko kwa Athmani niambie mapema, maana yule kurudisha kitu ni mpaka aandikiwe hati. Wewe uliwezaje kuacha kuchora ule mshale wa uongo, au hukuwahi kuuchora kabisa? Mliruhusiwa kuingia na kikokotoo? Na momenti ulikuwa ukizichukulia wapi, penye bawaba kila mara, au popote panapofuta visivyojulikana vingi? Ukilituma kwa basi la usiku, nijulishe namba ya risiti, nami nitalifuata asubuhi kabla ya darasa.

Na nimjibu nini Mzee Kombo kuhusu kuoa?

Wako,
Swaleh