Mwanangu ameziita dawa zangu "madawa"

Shangazi shikamoo. Nakuandikia saa kumi alfajiri, sijapata hata lepe la usingizi, na kidonge nimemeza kama kawaida kwa hiyo leo tatizo sio dawa, ni maneno ya mwanangu.

Ni hivi, wiki tatu zijazo nasafiri kwenda Dubai, binti yangu anajifungua mimba ya kwanza na mwenyewe ndo alinililia niende, tiketi kakata yeye. Sasa juzi kwenye simu nikamwambia nitakuja na dawa zangu za usingizi, akakaa kimyaaa alafu akasema mama usije na madawa yako huku utaniletea matatizo. Shangazi, hakusema dawa. Kasema madawa. Hilo ni neno la mateja hilo, ndo kamwambia mama yake mzazi.

Mimi si teja, naomba hilo lieleweke. Ni diazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja usiku, na daktari ndo aliniandikia. Baba yao alipofariki nilikaa karibu wiki nzima natazama dari tu, na huyuhuyu binti ndo alinishika mkono akanipeleka kliniki. Alikuwa ananipigia na simu usiku, mama umemeza? Leo yamekuwa madawa.

Haya, najua na yeye ana hoja, nimeulizia. Kule ni wakali, dawa kama hii inadhibitiwa, inabidi uombe kibali mtandaoni kwa mamlaka zao kabla hujapanda ndege, unaweka na cheti cha daktari na ripoti na paspoti, ukifika bila kibali wanaweza kukunyang'anya dawa na wewe mwenyewe wakakuweka ndani. Daktari kashaniandikia barua, ina muhuri, ina jina la dawa na kipimo na kwa nini natumia, ila kasema kwa kule barua peke yake haitoshi. Nikamwambia basi niache tu kumeza yaishe. Akakataa katakata, mtu aliyetumia zaidi ya mwaka akikata ghafla anaweza kupata hata degedege, inapunguzwa polepole, na wiki tatu ni chache.

Kwa hiyo sio kwamba nang'ang'ania. Ningeweza kuacha ningeacha leo. Japo ukweli wa Mungu nauogopa usiku bila kile kidonge, lakini hiyo sio sababu ya mtoto niliyemzaa kuniambia madawa.

Fomu yenyewe ni ya kwenye kompyuta, mimi hayo mambo siyawezi, ningemwomba yeye anijazie lakini naanzaje baada ya neno lile? Meseji zake sijajibu siku ya nne sasa. Kuna saa nasema siendi, akauguzwe na mama mkwe wake, alafu nageuka naona vinguo vya mtoto nimeshavikunja kwenye begi nabaki nalia.

Sasa jirani kanishauri nivitoe vidonge kwenye pakiti yake nivichanganye kwenye kopo la vitamini, eti nani atajua. Shangazi nimeshatoa kumi. Viko humo kwenye kopo hivi ninavyokuandikia na moyo unanidunda kama nimeiba, dawa yangu mwenyewe niliyoandikiwa! Najua ndo hivyo watu wanavyokamatwa. Nikivirudisha ina maana nimpigie binti yangu, maana kibali bila yeye sipati, na kumbembeleza sitaki kwa sababu mimi ndo nimetukanwa. Nisubiri aanze yeye? Na siku zenyewe zinakwisha, na mtoto hasubiri mtu. Au nimtume mdogo wake aongee naye? Lakini huyo nae nikimwambia akisema madawa nitafanyaje.

Naomba unijibu mapema tafadhali. Angesema dawa tu, shangazi, saa hizi hiyo fomu tungekuwa tumeshaijaza.